Chupa ya Kabatini na Debe la Uani

Ndugu msikilizaji, na wewe unayenisoma gazetini baada ya kunikosa hewani, Jumamosi iliyopita nilikuwa Kinondoni kwa mpwa wangu. Kijana amepata kazi, akaona awaite ndugu wampongeze. Palikuwa na pilau, palikuwa na muziki wa zamani ambao vijana wa leo wanajifanya wanaupenda, na juu ya meza palikuwa na chupa moja ya wiski ambayo rafiki yake alimletea kutoka safari ya ng'ambo.

Najua wapo wasikilizaji ambao dini zao haziwaruhusu kugusa kitu hiki, na wapo walioacha kwa sababu zao wenyewe. Nawaheshimu. Leo sisifu ulevi. Nataka kusimulia historia, na historia haichagui mahali pa kupita.

Basi mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, wewe mtu wa redio unajua mambo. Nichanganyie ile wiski ya ndimu wanayokunywa kwenye sinema." Mimi nilisomea uandishi wa habari, sikusomea kazi ya baa. Lakini mjomba hakatai mbele za watu. Nikaomba chupa tupu ya jemu yenye kifuniko chake, chujio la chai, ndimu sita na sukari.

Kazi yenyewe si ngumu. Sukari unaiyeyusha kwanza kwa maji ya moto, kiasi sawa kwa sawa, mpaka iwe shira nyepesi, kisha unaiacha ipoe. Ndani ya chupa ya jemu unatia toti mbili za wiski, toti moja ya maji ya ndimu, na shira pungufu kidogo ya toti moja. Halafu barafu. Hapo naomba usikie vizuri: barafu itokane na maji yaliyochemshwa. Hii tunayonunua kwenye vifuko huku mitaani hujui maji yake yametoka bomba gani, na watu wengi hudhani pombe itaua wadudu. Haiui, imezimuliwa mno. Ukishatia barafu unafunga kifuniko, unatikisa mpaka mkono ushindwe kuvumilia baridi, unachuja kwenye glasi. Wenyewe Wazungu huongeza ute wa yai upate povu. Kwa joto letu na mayai yaliyoshinda juani gengeni, mimi niliacha.

Watu wakaonja. Mzee mmoja akauliza pombe yenyewe iko wapi, maana anaona juisi. Glasi ikamfikia mama yangu mkubwa, ambaye sasa ni mtu mzima sana na hanywi tena. Hakuonja. Akainusa, akanusa tena ile chupa ya wiski yenyewe, akaniangalia.

"Huu ni moshi," akasema. "Wametia rangi tu."

Watu wakacheka sana. Mimi nilicheka kidogo, kwa sababu nilijua mama mkubwa amesema kweli, na amesema kama fundi anayeitazama kazi ya fundi mwenzake.

Wiski, ndugu msikilizaji, ikitoka kwenye mtambo ni nyeupe kama maji ya kisima. Ile rangi ya chai huipata kwenye mapipa ya mti wa mwaloni, ambamo sheria ya Uskochi inataka ilale si chini ya miaka 3. Kabla ya pipa ni nafaka iliyochachuka, ikachemshwa, mvuke wake ukanaswa na kupozwa. Gongo la mabibo hupita njia hiyo hiyo. Ndiyo maana sisi tukaiita moshi: tuliona inavyopanda, tukaipa jina la ilichokifanya. Waskochi wao waliita "uisge beatha", maana yake maji ya uhai, na katika vinywa vya Waingereza jina hilo likafupika kuwa wiski.

Tena hao Waskochi walikuwa na mauani yao. Kumbukumbu za hazina ya mfalme wao za mwaka 1494 zinamtaja mtawa aitwaye John Cor aliyepewa kimea cha kutengenezea maji hayo. Baadaye serikali ikaweka kodi nzito, na kwa muda mrefu watu wa vijiji vya milimani wakawa wanapika kwa kujificha, mitambo imefichwa mabondeni, watoto wamewekwa njiani kuangalia kama mtoza ushuru anakuja. Mwaka 1823 London ikapitisha sheria iliyopunguza ushuru na kufanya leseni iwe kitu ambacho mtu wa kawaida anaweza kukilipia. Mwaka uliofuata mkulima George Smith wa bonde la Glenlivet akachukua leseni. Majirani zake waliokuwa bado wanapika kwa magendo wakamtishia kumchomea, akawa anatembea na bastola mbili. Leo jina la bonde lile liko kwenye rafu za maduka ya viwanja vya ndege duniani kote.

Na kuchanganya? Hilo nalo lina umri wake. Mwaka 1740 amiri Edward Vernon wa jeshi la majini la Uingereza aliagiza mabaharia wasipewe tena romu kavu, izimuliwe kwa maji, na mwenye uwezo ajiongezee sukari na ndimu. Mwaka 1806 msomaji wa gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, aliandika kuuliza kokteli ni kitu gani. Mhariri akamjibu: ni kileo kikali cha aina yoyote, sukari, maji na dawa chungu ya mitishamba. Nampenda sana mhariri yule. Siku hizi wasomaji wakituuliza maswali ya maana tunawajibu baada ya miezi mitatu.

Sasa turudi pwani kwetu. Wiski haikuja huku kama kinywaji cha watu wote. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels kuzungumzia biashara ya watumwa, na humo humo wakaweka masharti ya kuzuia au kutoza ushuru vileo vikali katika ukanda mkubwa wa Afrika. Wapo waliokuwa na nia njema, maana jini na romu ya bei rahisi ilikwisha kuleta madhara makubwa kwenye pwani ya magharibi ya bara hili. Lakini masharti hayo hayakumhusu Mzungu mwenye chupa yake barazani. Yalimhusu mwenyeji.

Halafu vikaja Vita Vikuu vya Kwanza, na hapa pana jambo ambalo kila nikilisimulia watu hudhani nimelitunga. Kule Amani, kwenye milima ya Usambara ya Mashariki mkoani Tanga, Wajerumani walikuwa na taasisi kubwa ya utafiti wa mimea na kilimo, iliyoanzishwa mwaka 1902. Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zikaifunga pwani. Meli haziji. Wataalamu wa Amani wakaambiwa watengeneze kila wanachoweza kwa mazao ya humu humu nchini. Katika miezi 18 ya kwanza ya vita wakatoa vidonge 300,000 vya kwinini, vipande 10,000 vya sabuni, chokoleti na kakao ratili 10,652, dawa ya meno, mishumaa, na chupa 15,200 za wiski na vileo vinginevyo.

Chupa 15,200, ndugu msikilizaji. Zimepikwa Muheza! Kwa mazao ya udongo wetu, na bila shaka kwa mikono ya vibarua wetu kwenye kuni na maji. Sijui kama imepata kuwapo gongo nyingi kiasi hicho kutoka jiko moja tangu wakati ule. Na kwa kuwa waliopika walikuwa na shahada za Berlin na makoti meupe, vitabu vinaihesabu kazi ile kuwa ni ushindi wa sayansi.

Vita vikaisha. Tarehe 10 Septemba 1919, huko Saint-Germain-en-Laye nchini Ufaransa, mataifa yaliyoshinda yakatia saini mkataba mwingine juu ya vileo Afrika. Huu ulikuwa mkali zaidi. Ulipiga marufuku kutengeneza kinywaji chochote cha mvuke katika ukanda uliotajwa, ukapiga marufuku hata kuingiza au kumiliki mitambo ya kutengenezea, ukaacha mlango wa vileo vya kutoka nje kwa ajili ya wale ambao si wenyeji. Tanganyika ya Waingereza ikaanza maisha yake chini ya kanuni hizo. Mwafrika alibaki na tembo la mnazi na pombe ya nafaka, navyo kwa vibali na vilabu vilivyoruhusiwa. Chupa ya wiski kwake ilikuwa kosa.

Ukitaka kuelewa uzito wa jambo hilo, utazame mji wetu ulivyokatwa: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kwenye baraza za Oysterbay jua likizama ndipo tarumbeta ya wiski na soda inapigwa. Nani anabeba trei? Nani anajua bwana anataka vidole viwili na bibi anataka kimoja, barafu ngapi, soda mpaka wapi? Ni mtumishi wa Kiafrika, ambaye alfajiri alitoka Kariakoo au Ilala kwa miguu au kwa baiskeli, na baadaye Magomeni, Temeke na Kinondoni zilipopimwa viwanja akawa anatokea huko. Mabingwa wa kwanza wa kuchanganya wiski katika mji huu walikuwa watu ambao sheria iliwakataza kuilamba. Akionja jikoni, amekwisha. Nikiwa kijana nilimjua mzee mmoja mtaani kwetu aliyefanya kazi hizo. Alikuwa anaweza kumimina toti kamili bila kipimo, jicho linatazama pembeni, na alikuwa hajui ladha yake mpaka alipokuwa na mvi.

Vizuizi hivyo vikaja kulegezwa katika miaka ya 1950, ukoloni ukiwa unaelekea ukingoni. Desemba 9, 1961 ikafika, na kuanzia hapo hakuna aliyeulizwa rangi yake mbele ya kaunta.

Lakini chungu cha uani kilibaki pale pale. Serikali huru za Afrika ya Mashariki zilirithi lile swali: huyu mama anayechemsha tumfanye nini? Uganda mwaka 1965 ilitunga sheria ya enguli, ili wapikaji wa vijijini wawe na leseni na wauze walichopika kwa kiwanda kikisafishe upya. Ndiko ilikotoka ile waragi ya chupa. Sisi mwaka 1966 tukatunga Sheria ya Moshi, inayosema hakuna kutengeneza bila leseni. Ukiisoma, haifungi mlango moja kwa moja. Ila mimi nimekulia Temeke, na katika maisha yangu sikuwahi kumwona mama mwenye leseni hiyo, wala aliyejua inaombwa wapi.

Kuanzia mwaka 1970 tukapata Konyagi, jina lililotoholewa kutoka konyaki ya Wafaransa ingawa yenyewe si konyaki. Msingi wake ni masalia ya miwa, na nguvu yake ni asilimia 35. Kiwanda kiko Chang'ombe, wilaya hiyo hiyo ya Temeke. Kwa maneno mengine, ukisimama Temeke wakati wa utoto wangu, upande mmoja mvuke ulikuwa ni mali ya taifa, na mitaa michache upande wa pili mvuke ulikuwa ni kesi.

Mama mkubwa alikuwa upande wa pili. Mume wake alifariki mapema, akabaki na watoto wanne. Msimu wa mabibo alikuwa analeta magunia kutoka Mbagala, wakati ule Mbagala bado ni mikorosho. Alichemsha usiku uani, debe limefunikwa vizuri. Sisi watoto tulikuwa tunajua usiku wa kazi kwa harufu, na tulikatazwa kuitaja shuleni. Kwa debe lile binamu zangu walisoma. Mmoja ni mwalimu hadi leo.

Upande wa pili wa ukuta, sebuleni kwetu, baba alikuwa na chupa ya wiski. Baba alikuwa karani bandarini, akapewa zawadi na ofisa wa meli. Wale wa umri wangu mnakumbuka kabati la vyombo, vioo vinateleza, vitambaa vya kufuma, glasi ambazo hazinywewi. Chupa ilikaa humo kama picha ya harusi. Ile ilikuwa ni miaka ambayo hata sukari na sabuni vilikuwa vimetoka tu kwenye foleni, kwa hiyo mwenye chupa kama ile alikuwa mtu.

Mwaka 1989, nikiwa darasa la tatu, askari walikuja usiku. Wakamwaga debe, wakakunja ule mrija, mama mkubwa akakaa chini ya mwembe amejifunga khanga mbili. Baba akatoka kuzungumza. Mkubwa wao akakaribishwa ndani, na baba akafungua lile kabati. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia. Nikaona glasi mbili, toti mbili, na mazungumzo ya taratibu juu ya sheria. Yule bwana alikunywa akasema, "Hii ndiyo pombe, mzee." Mama mkubwa alichukuliwa vilevile. Alirudi baada ya wiki mbili, faini ikalipwa kwa cherehani yake.

Sijataja kituo wala jina, na sitataja. Yule bwana alikuwa anafuata sheria, na kuna upande wake ambao lazima niuseme.

Gongo imeua. Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Mukuru jijini Nairobi, pombe iliyotiwa methano iliua zaidi ya watu 100, na wengine wakapofuka. Aprili 2010 huko Kabale, Uganda, waragi bandia ikaua makumi ya watu. Methano ni ndugu wa pombe ya kawaida, hana rangi, anafanana naye kwa harufu. Mwilini hugeuka kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa jicho kwanza. Mapishi ya matunda hutoa kidogo, na mpikaji anayejua kazi huyamwaga yale matone ya mwanzo. Mama mkubwa alikuwa anayamwaga. Ndiyo sababu wateja wake walimfuata. Misiba mikubwa mara nyingi hutokana na mfanyabiashara anayenunua spiriti ya viwandani kwa pipa, akaizimua kwa maji na kuiuza kwa bei ya kutupa. Huyo anataka faida ya usiku mmoja, na wala hahitaji jiko.

Lakini askari akikuta debe, atatofautishaje? Hawezi. Kitu kinachofanyika gizani hakipimwi. Wakenya walipopitisha sheria yao mpya ya vileo mwaka 2010 waliiruhusu chang'aa kwa masharti ya chupa na viwango, baada ya kuikataza kabisa tangu 1980. Haikumaliza sumu, vifo vimeendelea kutokea huko. Sisi Machi 1, 2017 tulipiga marufuku vile viroba vya plastiki vilivyokuwa vinauzwa mpaka karibu na mageti ya shule, na kwa hilo naiunga mkono serikali kwa mikono miwili. Ila kiroba kilikuwa cha kiwandani, chenye leseni. Ninachosema ni kwamba leseni haikuwahi kuwa ndiyo kipimo cha usalama peke yake, wala uani haukuwahi kuwa ndiyo kipimo cha sumu. Kama tungechukua njia ya 1823 kwa dhati, mama mkubwa angekuwa na namba ya leseni ukutani na bwana afya wa kumpimia debe. Cherehani lingebaki.

Wapo watakaoniambia nahamasisha ulevi mitaani. La hasha. Mitaa imelewa tayari, na mlipa faini ni yule yule.

Nirudi Kinondoni nimalizie. Wiski ilipobaki robo, mpwa akataka tujaribu ile nyingine isiyo na ndimu, ya mhariri wa 1806. Dawa chungu ya mitishamba hatukuwa nayo. Nikachemsha ganda la chungwa, karafuu tatu na kijiti cha mdalasini kwenye maji kidogo mpaka yakawa machungu, nikatia matone kijiko kimoja juu ya sukari, toti mbili za wiski, barafu moja kubwa. Haikuwa mbaya hata kidogo. Aliyenisaidia kukadiria uchungu ni mama mkubwa, kwa kunusa tu kutoka kwenye kiti chake. "Ongeza ganda," alisema. "Sasa acha, utaharibu."

Baadaye akauliza chupa ile inauzwa kiasi gani. Mpwa akamtajia. Mama mkubwa alikaa kimya, midomo inahesabu, na mimi nilijua anahesabu madebe. Halafu akaomba ikiisha asitupiwe, aoshewe vizuri apelekewe Temeke, ana asali yake imekosa chombo.